Adapta ya Waifai kwa Mashine za Maktaba Yetu

Klabu ya Kompyuta imepata shilingi 160,000 kwa kuuza mboga za bustani yake, nayo imekata shauri kuzitumia kwa ajili ya kompyuta nne za mezani zilizomo maktaba. Mashine hizo ni nzima, ila hazina njia ya kuingia mtandaoni, maana zilitengenezwa bila waifai. Sisi wa kidato cha nne tuna mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, na wengi twataka kusoma mitihani ya miaka iliyopita na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania jioni, wakati chumba cha kompyuta kimefungwa. Kwa hiyo mashine nne za maktaba si jambo dogo kwetu.

Klabu itakutana mwisho wa mwezi ili kuamua kitu gani kinunuliwe. Wako wasemao tununue adapta zenye namba kubwa kuliko zote, hata kama zitatosha mashine mbili tu. Wako wasemao tununue zile ndogo za bei ya chini, fedha zinazobaki zirudi bustanini. Mwalimu mlezi wa klabu ameniomba niandike somo hili ili kila mtu aje mkutanoni akijua anachosema. Nimejitahidi kulieleza jambo kwa fizikia tuliyokwisha kujifunza darasani.

1. Adapta ni kitu gani?

Waifai ni redio. Ruta hutuma na kupokea mawimbi, na kompyuta nayo sharti iwe na kitu cha kutuma na kupokea mawimbi yale yale. Kompyuta mpakato na simu zina kitu hicho ndani yake. Kompyuta nyingi za mezani za zamani hazinacho, kwa hiyo hatuna budi kukiongeza. Hicho ndicho kiitwacho adapta.

Adapta ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kadi inayofungwa ndani ya sanduku la chuma la kompyuta, lile ambalo wengi huliita sipiyu. Kadi ni nzuri, lakini sharti ufungue sanduku, na sharti ubao mkuu uwe na nafasi inayolingana nayo. Mashine za zamani sana zina nafasi za PCI, na kadi za siku hizi zataka PCI Express; ukinunua bila kutazama utabaki na kadi mkononi. Tena masanduku membamba yataka kadi yenye bati fupi. Aina ya pili ni ile ichomekwayo katika tundu la USB, kama flashi. Hii haitaki kufungua kitu, na mashine ikifa adapta huhamishiwa mashine nyingine. Kwa shule yenye mashine za umri mbalimbali, hii ya pili ndiyo yenye faida.

2. Mbona tusivute waya?

Swali hili ni la haki, na kila mtu yafaa ajiulize kabla ya kutoa hata senti moja. Waya wa mtandao waweza kwenda hadi mita 100 bila kupungukiwa na nguvu, hauna shida ya kuta, na bei yake ni ndogo. Mashine iliyo chumba kimoja na ruta yafaa ipewe waya. Kuinunulia adapta ni kutupa fedha. Ndiyo maana mashine za chumba cha kompyuta zimefungwa kwa waya.

Lakini maktaba ni jengo jingine, na kati yake na chumba cha kompyuta pana njia ipitwayo na magari ya maji na ya kuni. Waya ukipita chini, sharti kuchimba mtaro na kutia bomba. Waya ukipita juu hewani toka paa hadi paa, wakati wa mvua za radi waweza kuleta umeme mkali ndani ya mashine za pande zote mbili. Sisi tukaao chini ya Mlima Hanang twazijua radi zake. Kwa sababu hiyo waifai yafaa hapa.

3. Mlango mwembamba uko wapi?

Namba iliyoandikwa juu ya kasha, kama 150, 300, 600 au 1200, ni megabiti kwa sekunde. Ni kipimo cha upeo, kwa mawimbi safi, karibu na ruta, bila mtu mwingine kutumia. Kwa kweli hata katika hali nzuri mtu hupata karibu nusu yake. Na zile 600 na 1200 ni jumla ya masafa mawili yaliyojumlishwa, ingawa adapta hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Adapta ya 600, kwa mfano, ni 150 katika masafa ya kwanza na 433 katika masafa ya pili.

Hata hivyo, si hilo tu. Fikirini maji ya bomba. Ikiwa bomba liletalo maji shuleni ni la nusu inchi, kufunga koki ya inchi mbili jikoni hakutaongeza hata ndoo moja. Mtandao wa shule yetu hutufikia kwa minara ya simu, nasi tulipoupima mchana tulipata karibu megabiti 8 kwa sekunde. Hizo 8 ndizo zigawanywazo kwa mashine zote. Adapta ya 1200 haiwezi kuzifanya ziwe 9.

Wenzangu wengine watasema kwamba si kila kitu hutoka nje. Wasema kweli. Katika chumba cha kompyuta mna mashine moja yenye programu ya Kiwix, ambayo hutunza makala za Wikipedia ili zisomwe bila mtandao wa nje, na humo twaweza kuweka masomo ya video pia. Mtu wa maktaba akisoma kutoka mashine hiyo, mlango mwembamba si ule wa mnara tena, bali ni waifai yenyewe. Basi na tufanye hesabu. Video ya somo, ambayo mwalimu anaonekana na ubao unasomeka, yataka kama megabiti 3 kwa sekunde. Mashine nne mara 3 ni 12. Adapta ya 300, baada ya kupita kuta na kupungukiwa, tuseme ibakiwe na 30 za kweli. Bado 30 ni zaidi ya mara mbili ya 12. Kwa hiyo hata kwa maktaba ya ndani hatuhitaji namba za kutisha.

4. Masafa mawili, na kwa nini ushauri wa mjini si wetu

Waifai ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Tukumbuke kanuni ya mawimbi: mwendo wa wimbi ni sawa na marudio mara urefu wake. Mawimbi ya redio huenda mita 300,000,000 kwa sekunde. Tukigawanya kwa 2,400,000,000 twapata mita 0.125, yaani sentimita 12 na nusu. Kwa gigahezi 5 twapata sentimita 6. Wimbi refu hupenya kuta za matofali vizuri zaidi. Lile fupi hubeba habari nyingi zaidi lakini hudhoofika upesi likutanapo na ukuta.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu masafa fulani yatumike bila leseni. Kanuni ya kwanza ya waifai ilitoka mwaka 1997, nayo ilikuwa na megabiti 2 tu. Mwaka 1999 zikawa 11 katika masafa ya 2.4. Mwaka 2003 zikawa 54 katika masafa hayo hayo. Mwaka 2009 ikaja ile yenye herufi n, ambayo siku hizi huitwa Wi-Fi 4. Ile yenye herufi ac, iitwayo Wi-Fi 5, ilikuja mwaka 2013, nayo hutumia masafa ya 5 peke yake. Wi-Fi 6 ilikamilishwa mwaka 2021. Zote hizi husikilizana: adapta mpya huweza kusema na ruta ya zamani, lakini kwa lugha ya yule wa zamani. Ruta yetu ni ya n, ya masafa ya 2.4 tu. Adapta ya Wi-Fi 6 ikifika hapa itasema n, kama nyingine zote.

Mtu akisoma ushauri wa wataalamu wa miji mikubwa ataambiwa aache masafa ya 2.4, kwa kuwa yamejaa. Kwa Kariakoo au Nairobi hilo ni sahihi. Katika ghorofa moja kuna ruta nyingi, na katika masafa ya 2.4 kuna njia tatu tu zisizogusana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Ruta nyingi zikigombania njia tatu, kila moja hungoja mwenzake. Lakini shule yetu iko pembeni mwa mji wa Katesh. Mwalimu alipofungua simu yake maktabani tulihesabu mitandao mitatu tu, na mmoja wake ni wetu. Hewa yetu ni tulivu. Masafa ya zamani na ya bei nafuu, ambayo watu wa mjini wayakimbia, kwetu yafanya kazi vema, na tena yapita ukuta.

5. Antena, na mahali pa kuiweka

Ikiwa namba ya kasha si neno kubwa, neno kubwa ni lipi? Ni antena. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: ukienda mbali mara mbili, hubaki robo. Juu ya hayo kuna kuta mbili za matofali ya kuchoma, mabati ya paa yarudishayo mawimbi, na makabati ya chuma ya vitabu.

Adapta zile ndogo sana, ambazo hazizidi ukucha wa kidole gumba, zina antena iliyobanwa ndani. Zikichomekwa nyuma ya sanduku la chuma, chini ya meza, karibu na ukuta, ni kama mtu anayenong'ona huku ameweka kichwa ndani ya debe. Adapta yenye antena ya nje, hata moja ya urefu wa kiganja, husikia vizuri zaidi.

Tena mashine isiyosikia vizuri haijidhuru peke yake. Waifai ni kama baraza: husema mmoja kwa wakati mmoja, wengine hungoja. Mwenye mawimbi dhaifu husema polepole sana, kwa hiyo huchukua muda mrefu kutoa maneno machache, na wenzake wote hucheleweshwa. Adapta moja mbaya huweza kuharibu jioni ya watu wanne. Hii ndiyo sababu yangu ya kukataa zile ndogo kuliko zote.

Kuna dawa moja rahisi ambayo watu huisahau, nayo ni waya wa kurefusha USB wa mita moja au mbili. Kwa waya huo adapta hutolewa nyuma ya sanduku na kuwekwa juu ya meza, au dirishani upande wa ruta. Waya usizidi mita 5. Kadhalika, mashine ikiwa na matundu ya USB 3, yale yenye rangi ya buluu, yafaa adapta ya 2.4 isikae karibu na kifaa kinachotumia tundu hilo, kwa sababu USB 3 hutoa kelele katika masafa hayo hayo.

6. Chipu na draiva

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Adapta haitafanya kazi mpaka kompyuta iwe na programu ya kuiendesha, iitwayo draiva. Katika kasha huwamo santuri ya CD, lakini mashine nyingi hazina pa kuisomea. Mtu huambiwa apakue draiva mtandaoni, naye alinunua adapta kwa sababu hana mtandao! Kwa hiyo draiva yafaa ipakuliwe mapema katika mashine nyingine na kutiwa katika flashi.

Mbili kati ya mashine za maktaba zatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, na mbili zatumia Linux. Huenda zote zikahamia Linux. Basi tuchague adapta ambayo chipu yake inajulikana na Linux bila kuongeza kitu. Chipu za AR9271 ya Atheros na MT7601U ya MediaTek ni mfano mzuri wa 150. Draiva zake zimo ndani ya Linux tangu miaka mingi.

Lakini jihadharini na jina la kasha. Adapta moja yaweza kuwa na jina lile lile na chipu tofauti. TL-WN722N ya TP-Link, toleo la kwanza, ina chipu ya Atheros. Toleo la pili na la tatu zina chipu ya Realtek. Sura ni moja, na mambo ndani ni mengine. Soma namba ya toleo nyuma ya kasha, au omba muuzaji akuruhusu kuichomeka katika mashine ya Linux na kuandika amri lsusb. Jina la chipu au namba yake itaonekana.

Neno moja juu ya usalama. Adapta iwe na uwezo wa WPA2, uliotoka mwaka 2004, au WPA3 wa mwaka 2018. Ile inayojua WEP tu isinunuliwe hata kwa shilingi mia tano, maana kufuli ya WEP ilikwisha kuvunjwa na wataalamu mwaka 2001.

7. Kupima kabla ya kununua

Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wake wa USB, huweza kuipa kompyuta mtandao, na simu nyingi za sasa hutoa hata ule wa waifai zilioupokea. Kwa maneno mengine, simu ni adapta ambayo tayari tunayo. Mwalimu mlezi alikubali, tukaiweka simu yake juu ya kila meza ya maktaba, kisha dirishani. Juu ya meza tatu mawimbi yalikuwa ya kutosha. Meza ya nne, iliyo nyuma ya kabati la chuma, haikupata kitu. Tulipoisogeza hatua mbili ikapata. Kusogeza meza hakukugharimu chochote.

8. Hesabu ya fedha

Hizi ni bei tulizotajiwa na wenye maduka muhula huu. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tutauliza tena.

Adapta ndogo isiyo na antena ya nje, 15,000. Nne ni 60,000. Fedha zitabaki nyingi, lakini mashine zitasikia kwa shida.

Adapta ya n, ya 150 au 300, yenye antena ya nje, 25,000. Nne ni 100,000.

Adapta ya masafa mawili yenye antena, 45,000. Nne ni 180,000. Hatuna. Tutanunua tatu, na mashine ya nne itabaki bubu, ili tulipie masafa ambayo ruta yetu haina.

Kadi ya ndani, 70,000. Tutapata mbili.

Shauri langu ni la pili. Kwa 100,000 twapata adapta nne. Nyaya nne za kurefusha kwa 5,000 kila mmoja ni 20,000. Flashi ya kutunzia draiva ni 10,000. Adapta ya tano ya akiba ni 25,000, maana vitu vya USB hupigwa magoti na kuvunjika. Jumla ni 155,000, na 5,000 zitabaki katika sanduku la klabu. Lakini tusinunue zote kwa siku moja. Tununue moja, tuichomeke katika mashine ya Windows na ya Linux kwa siku tatu, na ikifaa ndipo tununue nyingine nne za toleo lile lile. Risiti itunzwe.

Wale watakao namba kubwa siwadharau. Siku shule itakapopata ruta ya masafa mawili na laini nene, maneno yao yatakuwa sahihi, na hesabu hii itafanywa upya. Lakini leo wanafunzi wanne wakikaa katika viti vinne vya maktaba, kila mmoja asome. Mashine tatu za haraka na moja iliyokufa si bora kuliko nne zinazotosha.

Maswali ya kujipima

1. Shule ina laini ya megabiti 20 kwa sekunde na kompyuta 10 zinazotumika pamoja. Kila moja itapata ngapi? Je, adapta ya 1200 itaongeza kiasi hicho?

2. Tafuta urefu wa wimbi la gigahezi 6, linalotumiwa na waifai za karibuni. Je, litapenya ukuta vizuri kuliko la 2.4?

3. Taja mambo matatu ya kutazama nyuma ya kasha kabla ya kulipa.

4. Kwa nini adapta moja dhaifu huwachelewesha wote?

Atakayekuwa na majibu, au atakayeona kosa katika hesabu yangu, na aje nalo mkutanoni.

Mwanafunzi, Kidato cha IV